Mguu wa Mtu wa Mkono

Shemeji yangu wa Houston, mdogo wake mume wangu, hupenda sana kusema "nilipojenga." Hajawahi kushika mwiko maishani mwake. Alijenga kwa simu, kama tunavyojenga wengi huku: unatuma pesa, fundi anatuma picha, na nyumba inapanda Kenya wewe ukiwa kwenye kochi lako Texas. Kwa hilo sina neno. Kilichonitia kinyaa ni kingine.

Jumamosi moja nilitoka kwetu Mesquite, saa nne kwa gari, asubuhi na binti yangu, maana mwalimu wake alitaka mradi kuhusu piramidi, na makumbusho ya huko Houston yalikuwa na maonyesho ya Misri. Mume wangu alikuwa safarini na lori lake, kwa hiyo ku-drive njia yote ni mimi. Mtoto aliganda mbele ya picha moja mpaka miguu ikaniuma. Ilikuwa mifupa ya mjenzi wa piramidi, mmoja wa wale waliokokota mawe kwa kamba. Mguu wake ulivunjika kazini, ukafungwa, ukaunga ukiwa umenyooka kabisa. Mimi ni nesi, na nimeona kazi mbaya kuliko ile katika hospitali zenye mashine. Maelezo yalisema wajenzi wale walikuwa na waokaji wao wa mikate na matabibu wao, na walipokufa walizikwa karibu na piramidi yenyewe.

Mchana tulikula kwa shemeji. Yeye ni mzee wa kanisa, basi akaombea chakula mpaka mbuzi akapoa. Kisha akamuuliza binti yangu alichojifunza, na kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe.

"Farao alikuwa mnyama," akasema. "Aliwatumikisha watu kama punda. Mtu akianguka, anarukwa, kazi inaendelea."

Binti yangu akamwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba sivyo, ameona mfupa uliotibiwa. Shemeji akacheka, akasema hayo ni ya wazungu, kisha akawasha televisheni atuonyeshe picha za nyumba yake. Msingi, kuta, ngazi ya mawe. Halafu ikatokea picha ya mwanamume amelala kando ya mawe, ameshika goti, uso umekunjamana. Shemeji akaipitisha haraka.

"Huyo ni nani?" mtoto akauliza.

"Mtu wa mkono tu, kibarua wa kumbebea fundi mawe. Alianguka na jiwe, akavunjika mguu."

"Walimtibu?"

"Tuliweka mwingine," akasema, na akachukua ubavu mwingine wa mbuzi.

Tuliweka mwingine! Kama anayezungumzia balbu. Mafuta yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini huyu wetu alikuwa ametuwekea lake kwenye televisheni. Nikasukuma sahani, nikatoka uani na simu yangu. Yule fundi wa nyumba yake namjua, ndiye aliyemjengea mama mkwe jiko. Huko kwao usiku ulikuwa umeingia, lakini alishika.

Nikamuuliza habari za mtu wake. Akakohoa kwanza.

"Bosi, huyo shemeji yako, alisema gari la mawe lisiache kazi kumpeleka mtu hospitali," akasema. "Jirani akamfunga na vijiti. Mguu umeunga, mama, lakini umeunga upande. Hawezi kubeba kitu tena, na ana watoto."

Najua maana ya kuunga upande. Ili unyooke, lazima uvunjwe tena, na mtu wa mkono nani atamvunjia bila pesa? Nikamwambia fundi kesho ampeleke hospitali na aniunganishe na daktari. Nikarudi ndani. Binti yangu alinitazama, akisubiri kujua kama mtu yule alitibiwa.

"Shemeji," nikasema, "yule mnyama wako, Farao, watu wake walizikwa miguu ikiwa imenyooka."

Akaangalia sahani yangu, akasema nyama inapoa.