Jumamosi Tulipoufagia Msitu

Mimi ndiye niliyesema msitu ufagiliwe. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi wapo watu kando ya barabara ya Rumonge wanaosimulia kisa hiki kana kwamba wazo lilikuwa lao. Hapana. Ujinga ule ulikuwa wangu, kwa hiyo na sifa zake ni zangu.

Tulikuwa wanawake kumi na wanne katika chama chetu cha kijiji cha Kigwena, kando ya msitu. Wengi walikuwa wakulima wa michikichi, wachache waliuza ndagala, dagaa wa ziwani, na mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yule ambaye hapa kila mtu humwita Madamu. Kila wiki tuliyaona magari ya watalii yakitoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, yakiupita msitu wetu bila hata kupunguza mwendo. Msitu wa asili, miti mikubwa isiyopandwa na mtu, ngedere, vipepeo, na nyuma yake ziwa lenyewe la Tanganyika; na watu waliovuka bahari ili wauone uzuri wa dunia walikuwa wanapita hapo wakitazama simu. Iliniuma. Wenzangu walikuwa wameshazoea, mimi sikuweza.

Nikapanda gari hadi Bujumbura kumtafuta mwenye magari hayo. Alikuwa kijana wa familia ya Waarabu wa mjini, aliyeliacha duka la vitambaa la baba yake akaanza kazi ya kutembeza wageni. Nilikaa ofisini kwake tangu asubuhi mpaka alipochoka kuniona.

"Sawa, mama," alisema mwishowe. "Dimanshi nitaleta bageni sita. Minuti makumi ine tu. Wakifurahi, tutakuwa tunasimama pale kila dimanshi. Wakichoka, mama, usinirudilie tena na hii mambo."

Jumapili, dakika arobaini. Nilirudi Kigwena nikiwa nimezishika kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa, kwetu mgeni hapokelewi kwenye uwanja wenye majani. Mwanamke ambaye uwanja wake haujafagiliwa jua likichomoza, habari zake hufika Rumonge kabla yake. Na Jumamosi asubuhi ni siku ya kazi za jamii: maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu, kila mtu anatoka na jembe au panga. Mlinzi wa msitu, ambaye angetuzuia, alikuwa amekwenda Gitaza kwenye harusi ya mdogo wake. Nikasimama mbele ya watu nikasema kwamba wiki hii hatuzibui mitaro. Wiki hii tunaandaa sebule ya wageni.

Hakuna aliyeuliza swali. Watu walikuja na mafagio ya chelewa, watu zaidi ya sitini, na wimbo. Tulianzia kwenye kibao cha barabarani tukafagia njia nzima mpaka kijito kile ambacho wageni wangegeukia. Majani yaliyooza yakaondolewa, vijiti vikaokotwa, udongo ukabaki laini na mwekundu, wenye mistari mizuri ya ufagio. Mama mmoja alirudia kipande chake mara tatu. Tulipomaliza nilisimama kijitoni nikatazama nyuma, nikaona fahari. Hata ikulu, nilijiambia, haina njia kama hii.

Mlinzi alirudi Jumapili alfajiri. Alinikuta kibaoni nimevaa kitenge kipya, akatazama ndani ya msitu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Amahoro, Madamu. Mumefanya nini humu?"

"Tumefagia."

"Mumefagia pori! Bageni banakuya kuona pori, sasa bataona lupango, uwanja ya mutu! Na ile makelele yenu ya jana, nyani yote imekimbia. Wataona nini? Fagio?"

Niliitazama upya njia yangu. Alikuwa na haki. Watu sitini wakiimba saa tatu nzima. Ni mnyama gani angebaki kutusikiliza? Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi ile mimi niliona mgeni anakuja mwenyeji afe. Hata ibada niliikosa kwa ajili ya balaa hilo, na nilihisi Mungu ananitazama.

Gari lilifika. Walishuka sita: mume na mke warefu, vijana watatu wenye kamera, na bibi mmoja mwenye kofia pana na fimbo. Yule kijana wa Bujumbura aliniamkia vizuri, kisha akagonga saa yake kwa kidole. Tukaingia, mimi na mlinzi mbele.

Kimya. Hata ndege walikuwa wachache. Tulitembea dakika kumi kwenye ile njia yangu nzuri, na kamera zikabaki zimening'inia shingoni. Kijana mmoja alipiga mwayo mpaka nikaona meno yake ya nyuma. Mwenye gari akasogea karibu nami.

"Mama, iko wapi zile nyani?"

Niliinamisha macho kwa aibu. Ndipo nikaona.

Udongo ule tulioulainisha ulikuwa umeandikwa kote. Wanyama walikuwa wamekimbia kelele mchana, lakini usiku na alfajiri walirudi, wakavuka njia yetu huku na huko, na kila aliyepita alikuwa ameacha alama ya mguu wake wazi kabisa. Siku nyingine zote pangekuwa na majani pale, na mguu haukai kwenye majani.

Mimi nilizaliwa uhamishoni, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na mpaka leo watu hapa hunicheka kwamba nazungumza Kiswahili kama redio. Huko shamba letu la mahindi lilipakana na pori, na kazi yangu utotoni ilikuwa kulilinda. Kila asubuhi baba aliniuliza: nani kaja? Nami niliinama nikamjibu: ngedere wanne, nungunungu mmoja, nguruwe kaishia mpakani. Nikikosea alinirudisha nikasome tena. Niliporudi Burundi nilidhani elimu ile nimeiacha ng'ambo, maana hapa nani angeihitaji?

Nilichuchumaa katikati ya njia na kitenge changu kipya.

"Waambie waje," nilimwambia mwenye gari, kwa sauti ile ninayotumia darasani. "Waambie wasikanyage hapa. Wakae pembeni."

Walikuja. Nikawaonyesha alipopita nungunungu, na mikwaruzo myembamba ya miiba yake ikiburuzwa nyuma. Nikawaonyesha fungo aliyekuja baadaye, maana mguu wake ulikuwa juu ya mikwaruzo hiyo, siyo chini yake. Mwenye gari alitafsiri kwa Kifaransa, mwanzoni kwa sauti ya kuchoka, kisha haraka, kisha akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe kabla hajatafsiri.

Hatua ishirini mbele palikuwa na ngedere: viganja vidogo, nyayo ndefu zenye kidole gumba kilichojitenga. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto, kisha mtoto akashuka. Viganja vyake, vidogo kama kifungo, vilianza ghafla katikati ya njia, vikazunguka, vikarudi kwa mama, vikapotea. Na mmoja alikuwa ameketi. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini sisi tuliliona, limechapwa udongoni barabara. Mlinzi alicheka mpaka akaegemea mti, na ilipotafsiriwa, wale warefu wawili wakacheka pia.

Nikagusa ukingo wa unyayo mmoja. Ulikuwa na unyevu, haujaanza kubomoka.

"Hawa wamepita sasa hivi," nilinong'ona. "Wameelekea kule kwenye mkuyu."

Niliwapanga mstari kama wanafunzi, nikawanyamazisha kwa kidole mdomoni. Tuliiacha njia, tukaenda polepole. Chini ya mkuyu niliinua mkono, tukainua macho. Walikuwa juu, labda ishirini, wanakula tini wakidondosha maganda. Mtoto alikuwa amejishikiza tumboni kwa mama yake, akatutazama bila hofu. Yule bibi mwenye kofia alinishika mkono, akaubana, hakuuachia.

Dakika arobaini zilishapita zamani. Barabarani dereva alipiga honi, ngedere mmoja akashtuka, na mwenye gari akakimbia hadi ukingo wa msitu akapiga kelele kwa hasira: "Zima motere! Zima, minasema!" Aliporudi alikuta tumesharudi njiani, bibi amelala kifudifudi na nguo zake nyeupe, anapiga picha mguu wa kanga. Vijana watatu walikuwa wanabishana juu ya alama ya kwato. Wakaniita nije niwaamulie.

Kabla ya kupanda gari, bibi alisema jambo, na mwenye gari akanitafsiria. Alisema amezunguka nchi nyingi, na kote alionyeshwa wanyama. Hapa ni mara ya kwanza amefundishwa kuwasoma.

"Murakoze," nilimshukuru.

Wenzangu kumi na watatu walikuwa wamesimama barabarani na vitenge vyao vya sikukuu, wananitazama usoni kama watu wanaosubiri daktari atoke wodini. Mwenye gari alitoa simu akapiga ofisini kwake Bujumbura. Alizungumza Kifaransa, na wengi wao hawakijui, lakini mimi nilisikia kila neno: waandike Kigwena. Kila dimanshi. Siyo dakika arobaini, asubuhi nzima. Akafunga simu, akawageukia.

"Bamama," alisema, "dimanshi ijayo tutakula hapa. Mutatupikia nini?"

Kelele iliyopigwa pale ilirudisha ngedere wote mafichoni. Vigelegele, viatu vikirushwa, mama wa miaka sitini akicheza katikati ya barabara kuu mpaka lori la mawese likasimama kumpisha. Mlinzi alinipa mkono wa heshima, akainama kidogo. Nami nililia, kwa sauti, mbele ya wageni wote, na sikujifuta.