Kiatu Kilichobaki Pichani

Mahkam amepiga picha katika bustani ya jiji letu la Fergana kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya miaka hiyo ameimaliza akifukuza watu wasikanyage theluji. Mimi, Hurriyat, nakata tiketi za bembea kubwa ya mviringo. Baridi ikiingia bembea hufungwa, nami huhamia kwenye kibanda cha chai cha Oydin, nikakaa karibu na jiko na kumtazama mwanamume huyo akiwatesa wateja wake.

"Wewe mwenye koti jeusi, zunguka! Pita nyuma ya mti! Ukikatiza hapo mbele umeniharibia theluji yangu!"

"Theluji yako? Umeishusha wewe?"

"Nimeikuta safi. Zunguka, mwanangu, usinitie hasira asubuhi yote hii."

Na watu walizunguka, kwa sababu kazi yake waliijua. Kamera ikiachiwa ijiamulie, theluji hutoka ya kijivu kama maji ya kuoshea vyombo, kwa hiyo yeye aliiongezea mwanga kila mara. Mwenye koti jeusi hakumsimamisha mbele ya shina jeusi hata siku moja. Aliyetazama kushoto alimwachia nafasi kushoto, "apate pa kutazamia." Kisha alirudi kwenye kiduka chake kando ya geti, akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kukata kingo. Waya wa umeme, nje. Pipa la taka, nje. Mpita njia aliyejileta mwenyewe, nje.

"Kiangazi majani yanasitiri," aliniambia. "Baridi ikija kila kitu kiko uchi, Hurriyat. Usipokata, mtu hajui atazame nini."

Alikata vizuri, na alipenda mno kusifiwa kwa kukata. Nasema bila woga kwa sababu nimeshamwambia usoni.

Oydin alikuwa na mume, Sobit, fundi mstaafu wa malori. Kila siku walikuja bustanini pamoja na kuondoka pamoja. Mke alipokuwa akiuza chai, mume alikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la kibanda, akila sambusa na kubishana naye kwa sauti ya juu kuhusu mambo yasiyo na maana. Kupigwa picha hakutaka kabisa. Akiona kamera alifunika uso kwa kofia. Mwezi wa nne moyo wake ulisimama, akafa.

Oydin alipekua nyumba nzima kutafuta sura yake. Alipata moja tu, ya kitambulisho cha kazi, Sobit akiwa na miaka ishirini na minne na masharubu.

"Huyu kijana simjui," aliniambia. "Mimi niliishi na mzee mwenye kipara."

Mwezi wa nane Mahkam alitundika kwenye dirisha la kiduka chake picha ya bibi harusi aliyoipiga bustanini mwezi wa kwanza. Picha nzuri, siwezi kukataa: bibi harusi kati ya miti mikubwa, shela limetandazwa juu ya theluji isiyo na hata unyayo. Oydin alikuwa akipita na kikapu cha mikate. Akasimama. Ukingoni kabisa, pembeni mwa ncha ya shela, kulikuwa na kiatu cha mpira chenye kiraka chekundu. Kiraka kile Sobit alikibandika mwenyewe, kwa mpira wa baiskeli.

Aliingia ndani na kikapu chake. "Kaka Mahkam, aliyebaki yuko wapi?"

"Aliyebaki nani?"

"Mwenye kiatu."

Mahkam akatazama, akaelewa, akabadilika rangi. Picha alikuwa ameikata kwenye kompyuta, akaihifadhi juu ya ile nzima, ile nzima ikapotea. Kadi ya kamera alishaifuta zamani.

"Umemtupa mume wangu ukabakiza kiatu?"

"Dada, ningekata na kiatu, shela lingekatika."

Kati ya majibu yote duniani, alichagua hilo. Lilikuwa kweli, na sijui kama Oydin angeumia zaidi kwa uongo. Tangu siku hiyo hakumpa chai. Mahkam akifika dirishani, Oydin alishika kitambaa akaanza kufuta meza, akafuta na kufuta hadi mtu wa watu aondoke.

Nilimwona Mahkam akikonda. Alijaribu kuokoa kadi, ikashindikana. Ndipo akakumbuka kwamba bibi harusi alipewa picha zote kwenye flashi, kabla hazijaguswa. Maharusi walikuwa wamehamia Kokand. Akaenda, akakuta kufuli. Akaenda tena mwezi wa kumi na mbili, na mama mkwe wa bibi harusi akamkalisha, akamlisha hadi akashindwa kuinuka, ndipo akamkabidhi flashi. Kesho yake asubuhi aliichapisha picha nzima, akaitia kwenye bahasha na kukimbia moja kwa moja hadi kibandani. Mtu huyu ambaye mwaka mzima huchungulia mawingu, siku hiyo hakuona kwamba theluji ya kwanza imeanguka.

Kwetu siku ya theluji ya kwanza hupokei karatasi mkononi mwa mtu. Ndani inaweza kuwa barua ya theluji: ukiipokea na mleta barua akakimbia, pilau ni juu yako, kwa watu wote aliowaandika. Ukimkamata, unampaka masizi usoni na pilau inamgeukia yeye. Na bingwa wa mchezo huo bustanini alikuwa Mahkam. Miaka thelathini amekula pilau za watu, na hakuna aliyewahi kumkamata.

Basi akaja anahema, bahasha mbele. "Dada Oydin, pokea."

Kibanda kililipuka kwa kicheko. Wazee wawili waliokuwa wakicheza sataranji waliinuka. "Mkamateni! Mwizi wa pilau huyo!"

Oydin alificha mikono nyuma. "Mwaka huu umekosa mtu mwingine?" Ndiyo maneno yake ya kwanza kwake baada ya miezi minne.

"Si barua ya theluji. Ni Sobit."

Kicheko kikakatika. Oydin akawa mweupe. "Marehemu naye unamlia pilau? Toka."

"Wallahi nakuapia…"

"Mwaka juzi ulimwapia mwenye duka la dawa vilevile!"

Hilo lilikuwa kweli. Na mimi nikiri: ningeweza kuipokea ile bahasha na kuifungua, lakini hata mimi sikumwamini. Mikono yangu niliibana kwapani.

Mahkam alisimama akitutazama mmoja mmoja. Kisha akaiweka bahasha kwapani, akainama jikoni, akainua sufuria kubwa ya Oydin, akapitisha kiganja chini yake na kujipaka masizi usoni, kuanzia kipajini hadi kidevuni. Alikuwa na miaka sitini na moja, na majivuno ya watu watatu.

"Nimekamatwa," alisema. "Mashahidi mnaona. Pilau ni yangu, nitapika mimi. Huna cha kupoteza tena, dada. Pokea."

Akapokea.

Picha haikuguswa kokote. Pipa la taka lilikuwemo, waya ulikuwemo, bibi harusi katikati. Na kushoto, kwenye benchi, alikuwa Sobit, kofia gotini, kipara kinang'aa, sambusa mkononi, akicheka mdomo umejaa. Alikuwa akitazama nje kushoto, na huko, ukingoni mwa picha, mkono wenye kikuku cha shaba ulitokeza dirishani umeshika buli.

"Anamcheka nani?" Oydin aliuliza.

"Wewe. Huo mkono ni wako."

Oydin aliutazama mkono wake wa kweli, kikuku kile kile. "Nilikuwa namwambia avae kofia," alisema. "Nilimwambia hicho kipara si jiko la kutupasha joto." Kisha akalia, na mimi nikalia naye bila aibu.

Alipomaliza, aliiweka picha juu ya meza na kunyoosha kidole. "Bibi harusi mtoe."

"Dada, lakini yeye ndiye…"

"Mtoe, Mungu ampe watoto. Kata hapa. Pipa liache. Mkono wangu uache."

Mahkam, ambaye hakuwahi kuambiwa na mteja pa kukatia, alikata pale kidole kilipokuwa, kwa kisu cha mkate. Kisha akaelekea kwenye bomba kunawa.

"Wewe, rudi ukae," Oydin akamwambia, akimmiminia bakuli la chai. "Usinawe kwanza. Nataka Sobit akuone ulivyo."

Akaiegemeza picha kwenye birika, ikimwelekea Mahkam, naye akanywa chai yake, masizi yakimdondokea bakulini.