Nilivyopuliza Filimbi Nikitetemeka

Nakumbuka siku moja ya mwaka 2012, mwanangu, nilipojibanza nyuma ya magunia ya unga katika duka moja la Lodwar, damu ikinichuruzika juu ya jicho, na watu nje wakilitaja jina langu kwa hasira. Sikuwa nimeiba, wala sikuwa nimemtukana mzazi wa mtu. Nilikuwa refa. Nilikuwa nimetoa penalti katika dakika za lala salama, penalti ya haki kabisa, na mashabiki wa upande ulioadhibiwa, watu wa kwetu, wakavamia uwanja wakiwa na mawe.

Ninyi mnaniita mzee, nami nakubali, ingawa mvi zangu bado ni chache. Siku zile nilikuwa msichana mbichi wa Kiturkana, Akai wa Kataboi, niliyekuja mjini kufundisha watoto wa chekechea na kuchezesha mpira siku za Jumamosi. Niliupenda uwanja kuliko chakula. Lakini baada ya jiwe lile, mambo yakabadilika. Kidonda kilipona, ila moyo ulikataa kupona. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi wangu ulikuwa kelele za watu. Sokoni wakibishana juu ya bei ya mbuzi, nilitokwa na jasho. Kanisani kwaya ikipiga makofi, nilitoka nikakaa nje na akina mama wenye watoto wachanga. Filimbi niliiweka chini ya nguo sandukuni, nisiione.

Usidhani sikuomba. Niliomba sana, mwanangu, tena kwa machozi: Bwana, niondolee woga huu, kisha nitarudi uwanjani. Nikangoja. Miezi ikapita, mwaka ukageuka, na woga haukuhama. Nikaanza kufikiri kwamba pengine imani yangu ni ndogo, au Mungu amenichoka.

Mwaka wa 2013 pasta mmoja wa Kakuma, mji wenye kambi ya wakimbizi, alinitafuta. Makanisa ya huko yalikuwa yameandaa mashindano ya vijana ili wenyeji na wakimbizi wazoeane, na fainali ilikuwa kati ya vijana wa Kiturkana wa mjini na vijana wa Sudan Kusini wa kambini. Kila upande ulimkataa refa wa mwenzake. Mwisho mtu akakumbuka habari zangu.

"Yule dada aliyepigwa mawe na watu wa kwao," akasema. "Aliyepigwa na watu wake hana upendeleo." Wote wakakubali.

Nilitaka kukataa. Ila pasta aliniambia kwamba bila refa hakuna mechi, na bila mechi vijana wale wangebaki kutazamana kwa macho makali kama zamani. Nikapanda gari, moja ya magari yaliyosindikizwa na polisi, maana njia ile wakati huo haikuwa ya kuaminiwa, nikafika Kakuma mifupa ikiwa imechoka. Wakanipa nafasi ya kulala kwa Mama Nyibol, mjane wa Sudan Kusini aliyekuwa akiuza chai na mandazi kambini na kuongoza maombi ya akina mama.

Asubuhi ya mechi alinikuta nimeshafunga mkoba wangu.

"Ejok, binti," akanisalimu kwa Kiturkana chake cha kuokota sokoni. "Unaenda wapi, na mpira ni mchana?"

Nikamwambia ukweli wote. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeyaficha vya kutosha. Nikamwonyesha mikono yangu ilivyokuwa ikitetemeka. Yeye hakunipa pole. Alinimiminia chai, akakaa juu ya mtungi wa maji wa plastiki, akauliza, "Wewe unaomba Mungu nini?"

"Aniondolee woga, Mama."

"Na kama haiondoi? Hutafanya kazi yake?"

Nikanywa chai. Akatazama nje, kule watoto wake walikokuwa wakijiandaa kwenda shule.

"Mimi nilifika mto na watoto wangu," akasema. "Vita iko nyuma, maji iko mbele, na mimi sijui kuogelea. Niliomba kama wewe: Mungu, toa hii woga. Hakutoa. Nilingoja, hakutoa. Basi nikashika watoto, nikaingia na woga yangu. Mungu hakutoa woga, binti. Alinipa mguu. Sasa wewe unakaa Lodwar unangoja woga iishe ndio utembee? Utazeeka hapo."

Kisha akaweka mkono wake kichwani pangu, akaomba kwa lugha yao. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina la Yesu. Nikakumbuka kwamba hata yeye Bwana, usiku ule wa bustanini, alitokwa jasho kabla ya kuinuka na kwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni ndogo. Nikafungua mkoba.

Uwanja ulikuwa wa vumbi tupu, na upepo ulivuma kutoka upande wa mto Tarach. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye mistari. Nilipopuliza filimbi ya kwanza, sauti ilitoka nyembamba kama ya ndege mgonjwa, watu wakacheka. Nikapuliza tena.

Wasudan walifunga mapema. Kipindi cha pili wenyeji waliwabana sana, na mwishoni kabisa ikaja krosi, nahodha wao Ekal akaruka, na mpira ukajaa wavuni. Watu wakaingia wazimu kwa furaha. Lakini mimi nilikuwa karibu, mwanangu. Niliona. Ekal aliunawa mpira.

Hapo ndipo Lodwar iliponirudia yote. Ilikuwa rahisi mno kuelekeza mkono katikati ya uwanja, goli likubalike, nirudi nyumbani mzima, tena nikishangiliwa na watu wangu. Nikasema moyoni, "Bwana, naogopa, lakini niko hapa." Nikapuliza, nikalikataa goli.

Kelele zikageuka. Watu wakaanza kuingia uwanjani, na Ekal akanijia usoni. "Madam refa, wewe ni wetu! Unatufanyia nini?"

"Mimi ni wenu, ndiyo," nikamjibu, na sauti yangu niliisikia ikitetemeka. "Lakini mkono ule ulikuwa wako, Ekal. Wewe unajua, na Mungu anajua."

Alinitazama. Macho yangu yalitaka kuanguka, nikayakatalia. Hakukiri, la, sitakudanganya. Alitema mate kando, akageuka, kisha akapiga kelele kwa watu wake: "Rudini nyuma! Nimesema rudini, tumalize mpira!" Wakarudi wakinung'unika. Chupa ya maji ikanipiga mgongoni, nami nikaendelea kuchezesha hadi mwisho. Wasudan wakashinda, na vijana wakapeana mikono, wengine kwa shingo upande. Hakuna aliyeumia.

Woga haukuisha siku ile, wala haujaisha hata leo. Mwezi uliofuata nilisimama mbele ya baraza Lodwar kuomba wasichana watengewe uwanja wao, nikatetemeka vilevile, nikasema vilevile. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza niliogopa. Nilipomzika mama niliogopa kesho. Kila mara nilimwambia Bwana hivyo hivyo, kisha nikainuka.

Basi nisikilize. Usione haya kumwambia Mungu kwamba unaogopa, maana yeye hadanganywi na kifua kilichotunishwa. Lakini usiufanye woga kuwa mlango uliofungwa, ukakaa nje ukingoja ufunguliwe. Kama jambo ni la haki, liingie, iwe ni mtihani, ni mechi, ni kusema kweli mbele ya wakubwa, au ni kumwomba radhi ndugu uliyemkosea. Nguvu haziji kabla ya safari, huja njiani. Na ukimwona mwenzako anatetemeka, usimcheke wala usimhubirie sana. Keti naye kwanza.

Mungu akutangulie mahali usipopajua. Mvua ikukute malisho yakiwa karibu, adui yako ageuke kuwa mgeni wako, na siku utakapoitwa, uitike. Amina.