Siku Mavyaa Alipoliwa kwa Karata

Mume wangu hakuwa mlevi wala mkali, na kazi yake ya ukarani wa mizani kwenye ghala la mkonge, kule bandarini, ingetutosha vizuri. Ila viganja vyake vilikuwa vinawasha. Kila Jumamosi ya mshahara, akishatoka kazini, alipita kwenye kibanda kimoja cha kahawa Ngamiani. Nyuma ya pazia la gunia watu walicheza karata kwa dau. Mwenyewe hakuita kamari. Aliita kupumzisha akili.

Tulikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa, tukikaa Chumbageni, na vitu vyetu vilianza kuaga kimoja kimoja. Kwanza birika langu la shaba. Kisha saa ya ukutani. Kisha baiskeli. Nilipouliza habari za baiskeli, alinijibu bila kupepesa macho, "Iko kwa fundi." Na kweli ilikuwa kwa fundi. Fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani ndiye aliyemla kwenye karata.

Hapo ndipo mavyaa, mama yake mume wangu, alipokuja kutoka Pangani kutibiwa miguu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto naye akaitika. Nilimlaza kwenye samadari yangu, kitanda cha nguzo nne nilichopewa na baba siku ya harusi. Sisi tukahamia mkekani.

Jumamosi moja mume wangu aliingia saa tisa mchana, uso umemshuka, akaniita uani.

"Mke wangu, yule fundi baiskeli atakuja na watu kuchukua kitanda."

"Kitanda kipi?"

Akawatazama kuku. "Ile samadari."

"Anayolalia mama yako?"

"Nilikuwa na karata nzuri sana," akasema, kana kwamba hilo ndilo nililomuuliza.

Nikamwambia basi aingie akamwamshe mama mwenyewe. Papo hapo akakumbuka sala ya alasiri, yeye ambaye wiki nzima ilikuwa ikimpita bila habari, akatoka mbio kuelekea msikitini.

Ningeweza kukaa nikalia. Badala yake niliingia chumbani nikamweleza mavyaa yote, tangu birika hadi samadari. Alinisikiliza akitafuna tambuu yake. Alipomaliza kutafuna aliniuliza, "Huyo fundi ana mke?"

"Anaye, mama."

"Anajua kupika?"

"Sijui."

"Basi nipe zile kanga zangu mpya. Twende tukajue."

Fundi alipofika na vijana watatu, alimkuta mavyaa amelala katikati ya kitanda, amejifunga kanga mpya na kujipaka wanja kama bibi harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Samahani, bibi. Tumefuata kitanda."

"Kichukueni."

"Tunaomba ushuke kwanza."

"Miye sishuki. Mwanangu alipokiweka dau, mimi nilikuwa juu yake. Umekula kitanda, umekula na kilicho juu ya kitanda. Haya, beba!"

Vijana waliangua kicheko. Fundi aliona haya kurudi mikono mitupu mbele yao, na pengine alidhani kikongwe angeogopa akiinuliwa. Wakamwinua. Hakuogopa. Nami nikafuata nyuma na mto wake na kopo lake la tambuu, nimejifunika kanga mdomoni ili watu wadhani nalia.

Mlango ulitupa shida, lakini tulipofika njiani mavyaa aliketi vizuri akawa anasalimia kushoto na kulia. Karibu na reli askari mmoja akatusimamisha.

"Mgonjwa huyu?"

"Mzima kabisa, mwanangu," mavyaa akajibu. "Nimeliwa karata. Napelekwa kwa aliyenila."

Askari alimtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake. Askari alicheka mpaka akashika nguzo, akatuacha tupite. Tulipoingia Ngamiani tulikuwa na msafara wa watu nyuma yetu, na mwenye duka mmoja wa Kihindi alifunga duka akatufuata aone mwisho.

Mke wa fundi alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakujua lolote. Mavyaa akamweleza kutoka kitandani, kwa sauti ya Pangani, na mtaa mzima ukapata habari. Yule mwanamke akaweka ungo chini polepole.

"Kwa hiyo vipuli vyangu havikuibwa na mwizi," akamwambia mumewe.

Mavyaa alikaa pale siku nne. Alitaka uji asubuhi, samaki changu wa kukaanga mchana, maji ya moto ya miguu jioni, na gharama zote alibeba fundi. Wateja waliokuja kuziba pancha walimuuliza fundi kama mkewe mdogo hajambo. Mimi nilikwenda kila siku kumjulia hali mavyaa, na mke wa fundi nami tukawa tunacheka jikoni mpaka chakula kinaungua. Huko ghalani nako makuli walimsalimu mume wangu, "Karani, mama bado hajakombolewa?"

Siku ya tano fundi aliomba yaishe. Mavyaa alisema hawezi kurudi kabla ya baiskeli kutangulia. Ikatangulia. Mume wangu mwenyewe alishika mguu mmoja wa kitanda, akambeba mama yake hadi Chumbageni bila kuinua uso. Hakuingia tena kwenye kile kibanda. Viganja viliendelea kuwasha, sifichi, lakini akawa anashindana na mimi tu: nani atabahatisha idadi ya kokwa za chungwa. Aliyeliwa aliteka maji. Aliteka sana.

Fundi hakuacha. Ile aibu ilimfanya ahamie kibanda kingine cha karata tu. Mwaka uliofuata spana zake ziliondoka, kisha duka lake, kisha yeye mwenyewe akaenda kukata mkonge kwenye shamba ambalo hakulitaja. Mkewe alirudi kwa kaka zake Tongoni na watoto wawili.

Nilimtembelea huko mara moja. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka kibarazani, amekonda. Tulianza na kicheko, akaniigizia mavyaa akidai changu, nikacheka mpaka machozi. Kisha nikamuuliza kama mumewe huleta habari.

"Huleta," akasema. "Kila mara husema mwezi huu atashinda."

Akaniuliza kama nitakunywa chai, nikasema nitakunywa.