Posa ya Chuo cha Sheria

Kosa langu lilikuwa kumweleza mama kwa mfano. Nilitaka kusomea sheria katika chuo kimoja ng'ambo ya mpaka, Marekani, na kulikuwa na njia ya kuomba mapema: unachagua chuo kimoja tu, unasaini kwamba wakikukubali utakwenda kwao na kuviacha vingine vyote. Mama hakuelewa kwa nini mtu ajifunge hivyo. Nikamwambia, "Ni kama posa, mama. Ukishaitikiwa, humtazami mwingine."

Akaacha kukanda unga. "Na umeenda kuposa peke yako?"

"Nimetuma kwa kompyuta."

"Msichana kuposa, sawa, hii ni Kanada. Lakini bila wazee?"

Nilicheka, nikaenda zangu kazini.

Siku yake ya mapumziko, mama alimchukua mzee wa kanisa letu hapa mtaani Malvern, yule ambaye bila yeye hakuna Mkenya wa Scarborough anayezungumza mahari, wakavuka mpaka. Mzee alivaa suti. Mama alibeba mandazi ndani ya chombo chake cha plastiki chenye kifuniko cha buluu.

Kwenye ofisi ya maombi, mzee alisimama mbele ya dada wa mapokezi, akakohoa, akasema kwa Kiingereza chake cha harusini kwamba kwao kuna binti amekonda, hali wala halali, na wamechunguza wakaambiwa dawa yake iko katika boma hili. Dada akawaelekeza kwenye zahanati ya chuo.

Alipoelewa, aliwaeleza kwa upole kwamba haruhusiwi kuzungumzia ombi la mtu yeyote, wala kupokea chochote. Mama akaweka mandazi juu ya kaunta, akaaga, akatoka. Chombo alikiacha makusudi, jina na anwani yetu zimeandikwa chini yake. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata kama huna kitu, unatia chumvi. Kwa hiyo kwa mawazo ya mama, sasa chuo nacho kilikuwa kimefungwa kwa ahadi.

Niliposikia nilikasirika hata chakula hakikupita. Hakuna kitu nilichokitaka mwaka ule kama chuo kile.

"Watafikiri ni hongo," nikamwambia. "Wakili wa kuanza na hongo."

"Hongo ya mandazi?" akasema mama. "Ningetaka kuhonga ningepika pilau."

Kabla jibu halijatoka, boksi likaja kwa posta. Mama alilitikisa tu, uso ukamshuka. Ndani mlikuwa na chombo chake, kimeoshwa, kimekaushwa, kitupu. Akavuta kiti.

"Wamekukataa, mwanangu."

Nikamweleza kirefu kwamba huo ni utaratibu wa ofisi, kwamba Wamarekani hawana habari na mambo ya vyombo. Nilijiona nimetetea vizuri sana. Wiki iliyofuata ikaja barua pepe: walinishukuru kwa kuomba na kunitakia kila la heri.

Nililia jikoni, koti bado mwilini. Nilisema siombi tena popote, mambo ya sheria basi. Mama hakusema kwamba aliniambia. Aliisoma ile barua pepe pole pole, kisha akakitazama chombo chake pale kabatini.

"Kukataa ni haki yao," akasema. "Hata baba yako alikataliwa kwetu mara ya kwanza. Lakini chombo kitupu? Kwa watu kama hao ungekula nini?"

Nikajikuta nacheka na kamasi zinanitoka. Naye akachukua chekecheke, akaanza kuchekecha unga.

"Si sasa umefunguliwa?"

"Nimefunguliwa."

"Na kile chuo kingine cha hapa mjini, ofisi wanafungua saa ngapi?"

Nilivua koti, nikanawa mikono, nikasimama kando yake.

"Saa tatu," nikasema. "Mwambie mzee avae ile suti. Safari hii naenda na nyinyi."