Jumatano ya Kila Mtu

Mama yangu ndiye aliyeigawa Jumatano yangu, na aliigawa kwa furaha. Siku nilipopata ile nafasi aliandika kwenye kundi la simu la kanisa letu la Wakenya hapa Lewisville, Texas: "Asanteni kwa maombi. Binti amepata job na degree pamoja. Wednesday atakuwa anashinda nyumbani." Watu walimsifu Mungu kwa sentensi mbili za kwanza, kisha wakaishika ile ya tatu.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni moja ya fedha mjini Dallas ilinichukua kama mwanagenzi: inanilipa mshahara, na papo hapo inanilipia karo ya digrii ya uchumi katika chuo kimoja cha Houston. Siku nne za juma nilikuwa ofisini, katika kikosi kinachokadiria ni wakopaji gani watashindwa kulipa deni riba ikipanda. Jumatano ilikuwa ya masomo. Nilikaa nyumbani na kompyuta, nikasikiliza mihadhara, nikafanya mazoezi, na Houston nilienda wakati wa mitihani tu. Jumatano hiyo nililipwa kama siku nyingine yoyote ya kazi, na hilo nyumbani kwetu hakuna aliyeliamini.

Siwalaumu sana. Watu wetu wengi hufanya kazi kwa zamu. Mama huwahudumia wazee usiku katika makao yao kule Carrollton. Huwageuza, huwaosha, huwainua. Kazi kwake ni kitu kinachouma mgongo. Mtu aliyeketi na kikombe cha chai mbele ya kompyuta, huyo yuko off, hata akunje uso namna gani. Na off ya mtu kwetu ni kama sufuria kubwa ya kanisa: mwenye shughuli huja kuichukua, na ukimnyima utasemwa.

Wa kwanza alikuwa anti mmoja wa kwaya. Si ndugu wa damu, lakini ndiye aliyetupokea tulipotua Texas, kwa hiyo ana haki zote za ndugu na nyingine za ziada.

"Si uko off Wednesday?" aliniuliza. "Utanidrop tu kwa daktari wa macho. Ni hapo karibu."

Hapo karibu ilikuwa Fort Worth, karibu saa nzima kwa gari. Nilikaa naye mpaka mchana kwa sababu walimtia dawa machoni iliyomfanya asione vizuri, na jioni akampigia mama simu kunisifu. Sifa ile iliniponza. Juma lililofuata alibisha hodi mama Mkongo wa ghorofa ya chini, ambaye hufanya kazi katika ghala moja kule Garland.

"Mtoto yangu, kesho uko libre, eh? Niko na rendez-vous ku hospitali, na miye siko najua njia."

Ungemwambia nini? Nilimpeleka. Baada yake kukawa na mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege, mtoto mwenye homa wa kuchukuliwa shuleni, kitanda cha kuhamishwa. Nilijifunza kufungua kompyuta kwenye vyumba vya kungojea, nikiwa nimeweka sikio moja kwa mhadhiri na jingine kwa muuguzi anayeita majina. Nilitabasamu kila mara. Ndani nilikuwa nachemka, na nikifika nyumbani nilibamiza vyombo.

Somo lililonishinda ni lile la kupima kwa takwimu kama jambo moja kweli linasababisha jingine. Halisomeki kwa sikio moja. Nilifeli, tena si kwa alama chache. Msimamizi wangu kazini, mwanamke mpole asiyezungukazunguka, aliniita akafunga mlango. Mkataba uliruhusu kurudia mtihani mara moja. Nikifeli tena, kampuni ingesimamisha karo na kazi pia, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

"Siku yako ya masomo unaitumiaje?" aliniuliza.

Nilimwambia nitajipanga upya; habari za kitanda sikuzitaja.

Jumapili, baada ya ibada, nilimwambia mama jikoni. Sikumwambia kwa adabu. Nilisema nimefeli, nilisema nitapoteza kazi na shule kwa mpigo, nilisema ni yeye aliyenitoa kama sadaka. Nilitegemea anikumbushe methali ya mshika mbili, maana anti alikuwa ameshanitupia hiyo. Mama aliendelea kukata sukuma wiki.

"Unakumbuka vile vitabu vizito vilikuwa chini ya TV?" akasema mwishowe.

Nilivikumbuka. Vilikaa pale miaka mingi vikiinua televisheni.

"Vilikuwa vyangu. Nilianza kusomea RN, niwe nesi kamili. Nikaacha. Nikaanza tena, nikaacha."

"Kwa nini, Mum?"

"Nilikuwa na siku mbili za off. Watu walizimaliza." Akafuta kisu. "Na wewe ulikuwa mmoja wao, lakini wewe ulikuwa mtoto, kazi yako ilikuwa kunimaliza."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimemjua mama yangu maisha yangu yote kama mtu anayefanya kazi usiku, nikadhani alichagua. Niliona aibu, na hasira yangu, ambayo nilikuwa nimeibeba kutoka kanisani kama mtungi uliojaa, haikuwa na pa kumwagwa.

Mtihani wa kurudia uliangukia Jumatano. Mama alibadilishana zamu na mwenzake ili usiku wa kuamkia siku hiyo alale, na asubuhi akachukua funguo za gari bila kuniuliza. "Wewe soma," akasema. "Huko Houston nitatupeleka mimi." Ni zaidi ya saa tatu za barabara iliyonyooka, na mama huendesha akifuata sheria kana kwamba polisi ameketi kiti cha nyuma. Nilisoma njia nzima. Hakufungulia redio wala nyimbo zake za injili, na kwa mama hiyo ni funga kamili.

Houston ilitupokea na joto lake la mvuke. Mama hakutaka kuningojea ndani. Alisema viyoyozi vya Wamarekani vinamtia kikohozi. Alibaki garini chini ya kivuli cha jengo, milango wazi, na chupa ya chai. Nitasema mapema, nisije nikakuweka roho juu: nilifaulu. Matokeo yalikuja baadaye, lakini nilijua nilipotoka, kwa sababu kwa mara ya kwanza maswali yalinikuta nikiwa peke yangu na akili zangu zote.

Kurudi niliendesha mimi. Mama alivua viatu, akaegemeza kiti, na tulikuwa tumeshauacha mji nyuma simu yake ilipolia. Alikuwa ameiunganisha na gari, kwa hiyo sauti ya anti wa kwaya ilitujaa masikioni.

"Dada, huyo msichana next Wednesday atanipeleka kwa yule daktari? Wanataka kunicheck tena macho."

Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana, hata maneno nilikuwa nimeyapanga tangu jikoni, kwa heshima na kwa ufupi. Mama aliniwahi.

"Huyu Jumatano yuko kazini," akasema.

"Kazini? Si huwa nyumbani?"

"Yuko kazini, dada. Wednesday zote. Usimtafute tena, na uwaambie wengine."

Moyo wangu ulipanda kwa furaha, na sioni sababu ya kuificha.

"Sasa nitaenda na nani?" anti akauliza.

"Nitakupeleka mimi. Nikitoka night nitapitia kwako."

Wakaagana, wakabarikiana. Jumatano ndiyo siku mama anayolala, baada ya zamu mbili mfululizo za usiku. Nilipita lori moja, kisha jingine.

"Na wewe utalala saa ngapi, Mum?"

"Endesha gari," akasema, akafumba macho.