Mguu Wangu Juu ya Breki

Mwanangu, ngoja kwanza. Umesema unakwenda Kitanga kubadilisha krosi ya propela kwenye gari lililokwama mlimani. Hilo neno mlimani limenishtua, maana siku moja ya ujana wangu mguu huu wa kulia haujaisahau mpaka leo.

Nilikuwa bi harusi mpya. Baba yako alikuwa na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, akijivuna nalo utadhani kalizaa yeye! Tulikuwa tunapeleka maharage Kibondo. Tukipanda mlima wa Kumsenga, krosi, kile kiungo cha propela, ikapasuka, ila ilikuwa bado imeshikilia. Mpya alikuwa nayo, lakini breki ya mkono ilishachoka, manyunyu yameanza, na soko halimngoji mtu. Akaniambia, "Wewe kaa ukanyage breki tu. Nimeweka gia, halisogei."

Haraka hizo! Alipofungua nati ya mwisho kule chini ya gari, propela ikaanguka, paa! Gari likashtuka. Gia hushika magurudumu kupitia chuma hicho, sasa haikushika tena kitu, uzito wote ukahamia mguuni kwangu. Nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Kimya.

Niliogopa, mwanangu. Nikishuka kumtazama, gari linampitia. Nisiposhuka, labda anakata roho hapo chini. Nikalikandamiza goti kwa mikono miwili huku namlilia Mungu wangu, "Mana yanje! Mana yanje!"

Akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni.

"Jiwe, bibi! Weka jiwe!"

Akatupa kuni, akakokota mawe, akayatia nyuma ya magurudumu. Kisha akainama kuchungulia. "Anapumua. Sasa shuka."

Propela ilikuwa imempiga kwenye paji la uso. Lile kovu lake ndilo hilo. Alipofumbua macho, bibi hakumpa hata pole. "Mawe yamejaa barabara nzima, wewe ukaona jiwe lako liwe mkeo?"

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujafungua nati, jiulize gari litashikwa na nini ukishaifungua. Weka mawe mwenyewe, yasukume uone kama yamekaa, ndipo uingie chini. Mwenye gari akikuharakisha, mwache anune. Na usimwambie mtu akukanyagie breki. Hujui unamtwisha nini.

Haya, chukua lile jiwe la mlangoni, nilione likipanda nawe pikipiki. Mungu akutangulie, akutoe chini ya gari hilo mzima, mwanangu, urudi ule ugali wako ungali moto.